Harufu ya Kafuri

Wembe wa babu ulikuwa unanukia kafuri. Haikuwa harufu ya kukupokea mlangoni. Ilibidi uusugue mpini kwa kidole gumba, usugue hasa, hadi upate joto, ndipo harufu inapopanda. Wajukuu tulipokezana kuusugua na kuunusa wakati babu ameinamia kichwa cha mteja kwa wembe mwingine, chini ya mwembe nyuma ya soko la Kasulu. Mimi harufu ile nilikwisha kuifahamu. Nilikutana nayo Ujiji, nyumbani kwa mama mkubwa, siku alipofiwa na mumewe na wazee wakamtia marehemu kafuri kabla ya kumvika sanda. Nikaamini kwamba mpini wa babu una jambo na wafu, nikamwuliza. Babu hakuinua macho.

"Hiyo ni harufu ya ndovu, mjukuu wangu."

Aliupata Tanga. Kama vijana wengi wa Buha wa enzi zile, babu alikwenda kukata mkonge, akaitwa manamba. SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944 ili kuwatafutia vibarua, iliwakusanya kutoka vijijini, wakashuka Kigoma, wakapakiwa kwenye treni. Mkataba ulipokwisha alirudi na blanketi mbili, taa ya chemli, na wembe wa kukunja aliouuziwa na kinyozi mzee wa kambini, ambaye alimwapia kwamba mpini wake ni pembe ya ndovu. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na mistari myembamba iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha, sawasawa kama imepigwa rula. Kwenye shingo ya chuma palikuwa na jina la mji wa Solingen, Ujerumani.

Wembe ule haukugusa kila kichwa. Ulitoka kwa bwana harusi, kwa padri, kwa wazee wa ukoo wa Mwami, mtawala wetu wa jadi, walioteremka kutoka Heru Juu, na kwa wafiwa waliokuja kunyolewa baada ya msiba. Mtu akikalishwa kwenye kigoda na babu akafungua kitambaa chekundu, aliyekuwa anapiga soga alinyamaza. Nimeona watu wazima wakiomba waushike kwanza kabla ya kunyolewa.

Jambo moja lilimsumbua: kutu. Chuma kilikula kutu mahali pasipofikiwa na maji, ubavuni, pale panapolala ndani ya mpini wembe ukifungwa. Kila Jumamosi babu aliusugua kwa majivu, akaupaka mawese kidogo. Nyembe zake nyingine, zenye mipini ya pembe ya ng'ombe, hazikuwa na maradhi hayo. Alisema ndovu ana chumvi. Leo nikikumbuka kutu ile naona kwamba jibu la swali zima lilikuwa pale, mbele ya macho yetu, kila Jumamosi.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa na mwaka mmoja tu, wakimbizi kutoka Kongo wamejaa, magari ya mashirika yanapita kutwa kucha, na nyuma ya magari yale wakaja wanunuzi wa vitu vya kale. Walinunua vigoda, vinyago, visu vya wahunzi, shanga za bibi zetu. Mmoja aliuona wembe. Akaniita pembeni, maana biashara ya kimataifa ya pembe ilikwisha kupigwa marufuku tangu uamuzi wa mwaka 1989 chini ya mkataba wa CITES, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Akaniambia kwamba ikiwa ni pembe kweli, atatoa fedha ambazo zingenilipia ada hadi nimalize shule.

"Kachome sindano iwe nyekundu, uichomeke pasipoonekana. Pembe haiyeyuki. Plastiki inayeyuka."

Usiku, babu amelala, nikawasha jiko la mafuta ya taa jikoni kwa bibi. Nikaishika sindano kwa koleo hadi ikawa nyekundu, nikauegemeza wembe kwenye paja, nikagusa mpini upande wa ndani, karibu na ribiti. Haukuyeyuka. Uliwaka. Ulitoa mwali mweupe uliopiga kelele kama mafuta yanapomwagikiwa maji, na kabla sijavuta pumzi ya pili nusu ya mpini ilikuwa imekwisha. Nilijaribu kuuzima kwa kiganja. Kovu ninalo hadi leo, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Jiko lote lilijaa kafuri.

Babu alikuja na shuka mabegani. Alisubiri moto ufe wenyewe, akakiokota chuma kwenye majivu kwa ncha ya shuka, akakifuta, akakinusa. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua: "Kumbe hakuwa ndovu." Hakunigombeza usiku ule wala siku nyingine. Aliendelea kunyoa kwa nyembe za pembe ya ng'ombe, na kitambaa chekundu sikukiona tena. Alifariki baada ya miaka miwili, na mimi sikuwa nimewahi kumwomba radhi kwa maneno.

Naandika haya kwa sababu bado nawasikia watu wakishauriana habari ya sindano ya moto, na kila ninapoisikia kiganja changu kinashtuka. Jaribio hilo ni baya pande zote mbili. Kitu kikiwa seluloidi, kinalipuka mkononi mwako, maana seluloidi ni ndugu wa baruti isiyo na moshi: ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, ikakandwa na kafuri ili ilainike. Kikiwa pembe ya kweli, umekitia doa jeusi lisilotoka. Moto unakupa jibu kwa kukiharibu kile unachokiuliza.

Habari za pamba na kafuri nilizisoma chuoni, nikisomea ualimu wa kemia, na nakumbuka nilivyofunga kitabu nikatoka nje. Mwaka 1863 watengenezaji wa meza za biliadi wa New York, Phelan na Collender, walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, kwa sababu tufe za biliadi zilichongwa kutoka pembe na pembe zilikuwa zinapanda bei. Mmoja wa walioitikia ni John Wesley Hyatt wa Albany, aliyepata hataza ya seluloidi mwaka 1870. Baada ya tufe zikafuata vitana, funguo za piano, meno ya bandia, na mipini ya nyembe. Ili kuiga pembe, mafundi walipanga karatasi za seluloidi za rangi mbili zinazokaribiana, nyeupe na krimu, moja juu ya nyingine, wakazishindilia kuwa tofali moja, kisha wakalikata kwa wima. Hapo ndipo ilipotoka mistari ya wembe wa babu. Ndiyo maana ilinyooka vile.

Kwa hiyo babu hakukosea kabisa. Laiti ndovu wasingekuwa wanamalizwa, kafuri isingeingia kwenye mpini wa wembe. Ile ilikuwa harufu ya ndovu waliokosekana.

Na kutu? Seluloidi ikizeeka inaoza. Inarudisha asidi iliyotengenezewa, kidogo kidogo, kama pumzi, na chuma kilichofungiwa ndani yake kinaliwa. Ukiuona wembe wa kale ambao makali yake yamesalimika lakini ubavu uliolala mpinini umetoboka vitobo vya kutu, anza kuushuku mpini huo kabla hujaugusa.

Nilijifunza kutazama. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa fundi saa wa Kasulu, mzee mwenye meza yake ya kioo barazani, aliyeniazima ile lenzi ya kubana jichoni. Nikaenda kwa mchoma nyama nikaomba mfupa wa paja la ng'ombe, nikauchemsha na sabuni hadi mafuta yakatoka, nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikausugua kwa msasa hadi ukang'aa. Kwa macho matupu ungeapa kwamba ni pembe. Chini ya lenzi, mfupa unajisema. Umejaa vitundu. Ukiukata kwa urefu vinaonekana kama vijistari vyeusi vifupi, mfano wa vipande vya unywele vilivyobaki shingoni mwa mtu aliyetoka kunyolewa. Ukiukata kwa upana vinakuwa nukta. Ni njia za damu za yule ng'ombe, na uchafu wa miaka unaingia humo usitoke. Jino halina njia hizo, na pembe ya ndovu ni jino. Lugha yetu imechanganya mambo kwa kuita pembe kitu kilichoota mdomoni, ingawa wengine husema meno ya tembo, na hao ndio walio sahihi.

Pembe nayo ina alama yake, na alama hiyo hakuna kiwanda nilichowahi kuona kimeiiga. Ukiikata kwa upana, kwenye sehemu iliyokatwa unaona mistari miwili miwili ikijipinda kutoka kushoto na kutoka kulia na kukatana, ikifanya vyumba vidogo vidogo kama wavu wa dagaa ulioanikwa Kibirizi. Mjerumani aitwaye Schreger aliieleza mwaka 1800 na mistari ikachukua jina lake. Karibu na ganda la nje la jino la ndovu wa leo, mistari hiyo inakutana kwa pembe butu, kwa kawaida zaidi ya digrii 115. Kwa mamothi, yule ndovu wa barafu wa Siberia, inakutana kwa pembe kali chini ya 90. Pembe hutambulika kwa pembe zake. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kulijua hilo.

Shida ni kwamba bapa za mpini wa wembe hukatwa kwa urefu wa jino, si kwa upana. Ukitazama ubavu wa mpini ukitafuta wavu, hutauona, na utaitupa pembe ya kweli ukidhani ni bandia. Ubavuni kuna mistari ya urefu tu, nayo haikunyooka: inakaribiana, inaachana, inafifia, inarudi, kama mbao za mninga. Wavu uko kitakoni mwa mpini, kwenye ukingo usiozidi unene wa sarafu. Humo ndimo mwa kutazama, kwa mwanga wa kutoka ubavuni, na kwa subira.

Yote hayo nilikuwa nayajua kichwani tu, kwa mifupa na picha, hadi Desemba 2016.

Shangazi yangu, binti wa kwanza wa babu, aliolewa Kibondo. Nilikwenda kumjulia hali baada ya shule kufungwa, basi likatuvusha Malagarasi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilimkuta uani anapasua maboga. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae, naye akaendelea kukata. Alikuwa anakatia wembe wa kukunja.

"Shangazi, huo umeutoa wapi?"

"Wa baba mkwe huu. Alikuwa mpishi wa wazungu wa misheni, walipoondoka wakamwachia vyombo. Mfupa tu wa ng'ombe, mwanangu. Wa baba ndio ulikuwa ndovu. Ule ulikuwa unanukia."

Nilishindwa kumjibu. Nikaupokea, nikauosha, nikauweka kiganjani. Uliniganda kwa baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Ulikuwa mzito kuliko ukubwa wake. Upande mmoja umekuwa wa manjano kama chai ya maziwa, upande wa pili umebaki mweupe. Plastiki huwa haizeeki kwa upendeleo hivyo. Bapa moja ilikuwa imepinda kidogo, na kutoka kwenye ribiti ya shaba ulianza ufa mwembamba uliofuata mistari ya jino bila kuivuka. Chuma kilichomaliza maboga ya miaka yote hiyo kilikuwa na kutu makalini, lakini ubavu uliolala mpinini ulikuwa safi. Shingoni palikuwa na nyota na msalaba, alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza, na maneno yanayosema kwamba wao ni watengeneza visu wa Malkia. Malkia huyo ni Victoria, aliyefariki mwaka 1901.

Lenzi nilikuwa nayo mfukoni, hainitoki. Nilifuta kitako cha mpini kwa kitambaa chenye mate, nikaugeuza polepole dhidi ya jua. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nikaona mistari ya upande mmoja. Nikaugeuza tena kidogo, na ile ya upande wa pili ikapanda juu yake, na wavu ukafunguka wote, vyumba vidogo vilivyolala, mabega mapana. Mikono ilinitetemeka. Jioni nikaenda kwa wakala wa M-Pesa mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti, nikaomba niuweke chini yake. Upande mweupe uling'aa samawati nyeupe, ule wa manjano ukabaki na manjano yake. Taa hiyo isimdanganye mtu: mfupa nao unang'aa vilevile. Inakutolea plastiki tu. Mfupa unautoa kwa lenzi.

Usiku sikulala. Niliwaza njia ya kile kipande. Pembe za Manyema zilivushwa Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi hadi Ujiji. Kutoka pale mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Tabora na Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Kwa jahazi hadi Unguja. Kwa meli hadi minada ya London. Na London iliuzia mafundi wa Sheffield. Misafara ilipopita nchi yetu, Abami, watawala wa Buha, waliitoza hongo ya vitambaa, na Stanley mwaka 1871, baada ya kulipa mara kadhaa, aliamua kutoroka usiku porini ili asilipe tena. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa sababu ni laini, haipasuki ovyo chini ya msumeno. Sasa imerudi nyanda za juu za Kigoma katika sanduku la mzungu, imefungwa na chuma, na imekaa jikoni mwa binti wa manamba aliyefariki akiwa amekubali kwamba ndovu wake alikuwa wa uongo.

Asubuhi nikamwambia shangazi. Alikaa kimya, kisha akaingia ndani akafunga dirisha. Hofu yake niliielewa. Pori la Moyowosi haliko mbali na Kibondo, na tangu Operesheni Tokomeza, msako wa majangili wa mwaka 2013, neno pembe lilikuwa halitamkwi ukumbini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inaiita nyara ya serikali, iwe pembe nzima au bapa ya kushikia wembe, na kuikalia bila kibali kunaweza kukupeleka jela miaka 20. Binamu yangu, mwanawe, alisema tuuuze wembe kimyakimya Mabamba, mpakani. Kitu chenyewe ni cha zaidi ya miaka mia, ndovu wake alikwisha kufa kabla ya babu kuzaliwa, tunamkosea nani?

Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wasomi kuliko yeye, na siikubali. Mnunuzi wa kipande cha kale hamwulizi ndovu umri. Palipo na soko la pembe kuukuu, pembe mpya inajificha humo humo, inapakwa chai, inapata hadithi ya babu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Tanzania ndovu wapatao 109,000. Ya mwaka 2014 ikakuta takriban 43,000. Miaka mitano. Mimi niliyejifunza kutambua wavu wa Schreger sikutaka elimu yangu iwe ya kumhakikishia mnunuzi.

Afisa wanyamapori aliyetupokea alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesomea Chuo cha Wanyamapori Pasiansi, Mwanza. Alimwamkia shangazi kwa kuinama, akamletea kiti, akasikiliza habari yote tangu kwa mpishi wa misheni. Kisha akaniomba lenzi. Akauzungusha mpini dirishani kwa muda mrefu, na nilijua ni wakati gani alipouona wavu kwa jinsi alivyoacha kupumua.

Shangazi akauliza kama chuma nacho ni cha serikali. Kijana akacheka kwa heshima, akasema hapana, Bibi, chuma hakikuwa mnyama. Alitafuta msumari na nyundo, akazisukuma ribiti taratibu, bapa zikaachana. Akazipima kwenye mizani ndogo: gramu 24. Alipokuwa anaandika fomu nilimwomba niishike bapa moja mara ya mwisho. Nikaisugua kwa kidole gumba, nikaisugua hasa, hadi ikapata joto, nikaipeleka puani.

"Unanusa nini, mwanangu?"

"Kafuri, shangazi."

"Ipo?"

"Haipo. Hainuki kitu."

Akanyoosha mkono akaichukua, akainusa mwenyewe, macho ameyafumba. Kisha akaiweka mezani juu ya mwenzake, akakikunja chuma kwenye pindo la kanga, akaniambia tupitie kwa seremala kabla hajafunga, kitiwe mpini wa mninga.